Pointi za buletini zinatoka wapi?

Kila mwisho wa mwaka wa masomo swali ni lilelile mbele ya mlango wa shule: "Mwalimu, mtoto aliniambia egzameni ilimwendea vizuri, sasa mbona ameanguka?" Jibu liko ndani ya buletini yenyewe. Lakini karatasi ile imejaa Kifaransa na vijumba vidogo vidogo, na wengi wetu tunaangalia asilimia na nafasi ya mtoto darasani, kisha tunaikunja.

Tufungue buletini ya sekondari. Mwaka una semestri mbili. Kila semestri ina periodi mbili na egzameni moja. Pointi za periodi zinatoka katika enterogasio, kazi za nyumbani na mazoezi ya darasani. Egzameni ina uzito sawa na periodi mbili zikiwekwa pamoja. Kama somo lina maksima 20 kwa periodi, utaona 20, tena 20, halafu 40 ya egzameni. Hiyo ni 80 kwa semestri, na 160 kwa mwaka mzima. Primere wanahesabu kwa njia hiyohiyo, ila wao wana trimestri tatu na periodi sita.

Sasa tuhesabu kama vile tunavyohesabu sokoni. Binti amepata 6 juu ya 20 katika periodi ya kwanza, na 5 katika ya pili. Ana 11. Ili afike nusu, yaani 40 juu ya 80, egzameni inamdai 29 juu ya 40. Mtoto aliyezoea 5 na 6, hizo 29 atazitoa wapi kwa asubuhi moja? Anaweza kweli kuandika vizuri, apate 24, arudi nyumbani akicheka. Jumla ni 35. Ameanguka katika somo hilo, na wino utakuwa mwekundu.

Mwingine ana 14 na 15, mtoto wa kusifiwa. Siku ya egzameni hakuingia darasani. Anabaki na 29 juu ya 80, chini ya yule wa kwanza.

Na kwa nini periodi zinaharibika? Tuseme ukweli kati yetu. Mvua ikianza, jembe linaita, na anayebaki shambani au nyumbani kulea mdogo wake mara nyingi ni msichana. Enterogasio ya siku ile haimngojei. Halafu kuna minervali. Tangu Septemba 2019 primere ya Serikali hailipwi, lakini sekondari bado tunalipa, na mtoto anayerudishwa nyumbani siku nne kwa ajili ya deni anapoteza pointi ambazo pesa ikilipwa baadaye haizirudishi. Kwa hiyo, vikundi vyenye likelemba, mngepanga zamu ya mama mwenye mtoto wa sekondari ianguke kabla ya wiki za egzameni. Ni kubadilishana zamu tu, haiongezi hata franka moja.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalioni: masomo hayana uzito sawa. Buletini inayapanga kwa makundi, na juu ya kila kundi kumeandikwa neno MAXIMA: 10, 20, 40, kufuatana na darasa na seksio. Asilimia ya mwisho inatoka kwa kujumlisha pointi zote na kuzigawa kwa jumla ya maksima zote. Basi somo la maksima 40 linavuta mara nne kuliko la 10. Usihesabu tu wekundu ni ngapi. Tazama uko kwenye mstari gani. Mwenendo, ile "conduite", unaandikwa chini kwa herufi, nao hauingii katika hesabu hiyo.

Wale walio na mtoto katika mwaka wa mwisho wa humanités wajue kwamba buletini nzuri bado si diploma. Diploma inatoka kwa Exetat, egzameni ya Serikali, ambayo nchi yote inaandika. Pointi za kununuliwa kwa mwalimu (tunajua yanatokea, tusifanye kama hatusikii) zinamfikisha mtoto mbele ya Exetat akiwa mikono mitupu, na pesa ya mama imeshaliwa.

Usingoje mwezi wa sita. Pointi zinatolewa mwisho wa kila periodi: omba kuziona, pamoja na makaratasi ya enterogasio yaliyosahihishwa. Ukikuta sifuri mahali ambapo mtoto alikuwa mgonjwa, nenda wiki ileile kwa mwalimu titileri na karatasi ya kituo cha afya mkononi, uombe mtoto apewe kazi nyingine. Pointi zikishaandikwa kwenye buletini na prefe akatia sahihi, kuzibadilisha ni vigumu sana.