Taa za Mbele na Jua la Nairobi

Pita kwenye yadi za magari za Barabara ya Ngong, kuanzia Adams Arcade ukielekea Karen, na mara hii usitazame rangi ya bodi wala rimu. Tazama taa za mbele. Vitz, Note, Demio na Fielder zimeoshwa zikang'aa, tairi zimepakwa dawa nyeusi, lakini inama uangalie taa kwa upande, hasa sehemu ya juu pale inapopinda kufuata boneti. Kwenye nyingi utaona ukungu mwembamba wa manjano umeanza kutanda. Huanzia juu kwa sababu hapo ndipo jua la adhuhuri linapotua moja kwa moja. Gari hizo hazijalala hata usiku mmoja kwa mnunuzi wa Kenya, na tayari taa zake zinaelekea kuzeeka.

Wengi hudhani ukungu huo ni uchafu, au moshi wa barabarani, au joto la balbu. Ni kazi ya jua, na katika jiji hili jua lina nguvu kuliko baridi yetu inavyotufanya tuamini.

Kifuniko angavu kilicho mbele ya balbu si kioo tena. Ni plastiki iitwayo polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka 1953 na watu wawili ambao hawakujua habari za kila mmoja: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric nchini Marekani, wakipishana kwa siku chache tu. Peugeot 504 zilizobeba abiria wetu miaka ya nyuma zilikuwa na taa za kioo halisi, na ukikuta moja imesimama nyuma ya gereji leo, taa zake bado ni angavu kama hazijavunjwa na mawe. Marekani iliruhusu taa za plastiki mwaka 1983, na Lincoln Mark VII ya 1984 ikawa gari la kwanza huko kuzitumia. Watengenezaji walikuwa na sababu nzuri. Polikaboneti ina uzito wa karibu nusu ya kioo, hufinyangwa katika umbo lolote linalotakiwa, na jiwe linaloruka kutoka kwenye tairi la lori la mbele, ambalo lingepasua kioo vipande vipande, huiachia mkwaruzo tu.

Udhaifu wake umo ndani ya molekuli zenyewe. Polikaboneti imejengwa kwa pete za kaboni, zile ambazo wanakemia huziita pete za benzini, zilizoungwa kwa mnyororo mrefu. Miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho na inayobeba nishati kubwa, hufika kwenye viungo vya mnyororo huo na kuvikata. Vipande vilivyokatika hujipanga upya, oksijeni ya hewani hujiingiza, na molekuli mpya zinazozaliwa hufyonza mwanga wa zambarau na wa buluu. Mwanga uliopokonywa buluu yake hubaki wa manjano. Baadaye nyufa ndogo zisizoonekana huanza kutawanya mwanga, na hapo taa hugeuka kuwa na ukungu. Yote haya hutokea kwenye ngozi ya juu tu, unene wa sehemu ndogo ya milimita. Chini yake plastiki bado ni safi, na ndiyo maana msasa unaweza kuirudisha.

Kiwanda kinalijua tatizo hili. Kila taa hutoka ikiwa imepakwa utando mgumu wa akriliki au silikoni, mwembamba kuliko unywele, wenye kemikali za kumeza miale ya urujuanimno kabla haijafika kwenye polikaboneti. Kemikali hizo huchoka kadiri zinavyofanya kazi. Utando nao hukwaruzwa na mchanga na brashi za kuoshea, hupasuka, kisha hubanduka kwa magamba. Ukiisha, ni suala la muda tu.

Sasa fikiria historia ya gari la kawaida la Nairobi. Kiwango cha KS 1515 kinaruhusu gari lililotumika kuingia nchini mradi halijapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi wetu hununua lenye umri wa karibu kabisa na mpaka huo kwa sababu ndilo tunaloweza kumudu. Kwa hiyo linaposhushwa bandarini Mombasa, utando wa kiwandani umeshatumikia miaka saba au minane huko Japani. Kisha tunauweka chini ya jua la ikweta.

Tofauti kati ya majua hayo mawili ni kubwa. Tokyo, mwezi Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya digrii 31 hivi kutoka upeo wa macho. Miale yake hupita kwenye hewa nyingi na sehemu kubwa ya urujuanimno huchujwa njiani. Nairobi iko kidogo tu kusini mwa ikweta. Hata mwezi Juni, jua letu likiwa limesogea kaskazini kabisa, adhuhuri hufikia digrii 65, na mwezi Machi na Septemba husimama utosini. Taa za hapa hazipati msimu wa kupumzika.

Ongeza mwinuko. Katikati ya jiji ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ardhi huzidi kupanda ukielekea magharibi, Kawangware, Dagoretti, Uthiru hadi Kikuyu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10. Maana yake ni kwamba siku isiyo na mawingu, taa iliyoegeshwa Lavington hupigwa na miale mikali kuliko ile iliyoegeshwa Mombasa, ingawa mwenye gari wa Lavington amevaa sweta. Joto ni jambo moja, urujuanimno ni jingine, na mawingu mepesi ya Julai huupitisha kwa wingi.

Hapo hapo Dagoretti Corner, kwenye barabara ile ile ya yadi za magari, yako makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Tangu miaka ya 1990, kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswisi, idara hiyo hurusha kila wiki puto lenye kifaa cha kupima ozoni, likapanda hadi karibu kilomita 30 au zaidi kabla ya kupasuka. Vituo vya ikweta vinavyofanya kazi hiyo ni vichache duniani. Vipimo vya aina hii vinathibitisha kwamba tabaka la ozoni juu ya nchi za tropiki ni jembamba kiasili kuliko lile la nchi za mbali na ikweta. Jua kusimama utosini, mwinuko wa jiji, na ozoni nyembamba: mambo hayo matatu yakikutana, kipimo cha urujuanimno Nairobi hufikia 11 na kupita katika siku nyingi za anga safi, na 11 ndipo linapoanzia daraja la juu kabisa katika jedwali la Shirika la Afya Duniani.

Ningekuwa nazungumzia urembo wa gari nisingeandika makala haya. Nazungumzia usiku. Kwetu jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, wakati ule ule ambapo Waiyaki Way imejaa magari yanayorudi nyumbani, na Kangemi watu wanavuka makundi kwa makundi. Watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaouawa kwenye barabara za Kenya. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizozeeka mwaka 2018 kikakuta zinatoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Mwanga mwingine ama umefyonzwa, ama umetawanywa ovyo na kuwachoma macho wanaokuja mbele. Dereva hatambui, kwa sababu mwanga hupungua kidogo kidogo kwa miaka na macho huzoea. Anayepata hasara ni mama aliyevaa koti jeusi anayevuka pasipo na taa ya barabarani. Huko Japani gari hilo hilo lingepimwa mwanga wa dimu katika ukaguzi wa lazima, na taa isiyofikisha kandela 6,400 hukataliwa. Ningependa sana kuona kipimo kama hicho kikichukuliwa kwa uzito hapa kwetu.

Dawa za mtaani zinajulikana. Dawa ya meno hufanya kazi kwa sababu ina chembe za kukwaruza. Hung'arisha taa kwa muda mfupi. Dawa ya kufukuza mbu huyeyusha ngozi ya plastiki na kuilainisha, taa ikaonekana mpya, kisha ikapasuka vibaya kuliko mwanzo. Kuna pia kikombe cha moto kinachofukiza taa kwa mvuke wa kiyeyusho; matokeo yake hupendeza macho, ila mvuke huo ni sumu kwa mapafu ya fundi, na taa hubaki bila kinga.

Kazi ya msasa ikifanywa vizuri ni kazi ya kweli. Fundi hubandika tepu kuzunguka taa ili asiguse rangi, huanza na msasa wa maji namba 800 au 1000, hupanda 2000, kisha 3000. Maji hutiririka yakiwa meupe yenye umanjano: hiyo ndiyo ngozi iliyokufa pamoja na mabaki ya utando wa kiwandani. Halafu polishi. Katika vipimo vile vya AAA, kusafisha kulirudisha mwanga hadi karibu asilimia 70. Lakini sasa polikaboneti iko uchi. Ukiondoka pale na polishi peke yake, umelipia mng'ao wa miezi michache, na manjano yatarudi upesi kuliko yalivyokuja mara ya kwanza. Swali la kumuuliza fundi kabla hajashika msasa ni hili: baada ya kusafisha, utapaka au utabandika nini juu yake?

Jibu moja ni vanishi maalumu yenye kinga ya urujuanimno. Jibu jingine, ambalo kwangu lina nguvu zaidi, ni filamu angavu inayobandikwa, ambayo mafundi huiita PPF. Asili yake ni poliyurethani iliyotumiwa na jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam kukinga mapanga ya helikopta dhidi ya mchanga na vifusi. Ile ya leo ina unene wa milimita 0.15 hadi 0.2, yaani mara nyingi zaidi ya utando wa kiwandani. Humeza miale ya urujuanimno, hupokea mawe na mchanga badala ya taa, na ikichakaa hutolewa ikawekwa nyingine. Vanishi haitoki bila msasa.

Si kila filamu angavu inafaa. Kuna za PVC, ambazo hukakamaa na kupasuka juani. Na poliyurethani yenyewe iko ya aina mbili: moja ina pete za benzini, zile zile zinazoiponza polikaboneti, nayo hugeuka manjano, nyingine, alifatiki, haina pete hizo na hubaki angavu kwa miaka. Uliza kwa jina hilo. Na filamu za rangi ya moshi, zinazopendwa kwa ajili ya mwonekano, zikatae kabisa: zinakula mwanga ule ule unaojaribu kuuokoa.

Ubandikaji unataka subira. Taa huoshwa na kukaushwa, kisha fundi hunyunyiza maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto, juu ya taa, upande wa gundi na kwenye vidole vyake. Filamu huelea, naye huisogeza mpaka ikae. Hukamua maji kwa kibao cha mpira kuanzia katikati kwenda kingoni. Kwenye kingo hunyunyiza maji yaliyochanganywa na spiriti ili gundi ishike, na kwenye kona hutumia hewa ya moto kulainisha. Hapa ndipo fundi wa haraka anapojulikana: akiivuta filamu kupita kiasi ili ifuate mpindo wa taa, itakumbuka umbo lake, na jua la saa saba litaibandua kuanzia kona ile ile. Vipovu vya maji visikutie wasiwasi, kwa kuwa mvuke hupenya poliyurethani na vitakauka kwa siku chache. Vipovu vya hewa havitoki. Usioshe gari kwa siku mbili, na mashine ya maji ya nguvu isielekezwe kingoni.

Wakati mzuri wa kuibandika ni wiki gari linapotoka bandarini, taa zikiwa bado safi na utando wa kiwandani ukiwa na uhai kidogo. Filamu haiponyi manjano. Ukiibandika juu yake umeyafungia ndani. Vivyo hivyo kwa taa za ex-Japan unazonunua Barabara ya Kirinyaga: zina umri sawa na gari zilikotolewa, kwa hiyo zikague juani kabla hujalipa. Na kumbuka kwamba filamu hulinda nje tu. Balbu ya H4 halali ni wati 55 kwa dimu na 60 kwa fulu. Balbu za wati 100, au za bei rahisi zisizochuja urujuanimno wake, huichoma taa kutoka ndani ambako hakuna msasa unaofika.

Baada ya miaka kadhaa filamu yenyewe itaanza kufifia au kuinuka kingoni. Ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, ibandue polepole kwa kuilaza, si kwa kuivuta juu, na gundi iliyobaki itoe kwa spiriti. Petroli na tina visikaribie hapo, kwa maana polikaboneti hupasuka ikiguswa navyo. Taa iliyo chini ikiwa angavu kama siku ulipoifunika, bandika nyingine siku hiyo hiyo.