"The Archivettes": filamu ya wanawake waliochunga historia yao ndani ya makartoni

Mutu akifariki, barua zake zinabaki na nani? Swali hilo ndilo linabeba "The Archivettes", filamu ya hali halisi ambayo Megan Rossman alitoa mwaka wa 2018 huko Marekani. Inaeleza juu ya Lesbian Herstory Archives, nyumba ya New York inayochunga historia ya wanawake wanaopenda wanawake wenzao.

Kazi ilianza mwaka wa 1974. Wakati ule wengi wao waliishi kwa kujificha, sababu waliogopa kufukuzwa kazini ao kunyang'anywa watoto. Na mmoja akifariki, mara nyingi jamaa walichoma barua na picha zake ju ya haya. Ndipo Joan Nestle, Deborah Edel na wenzao wakaamua kuzichunga wenyewe.

Walianzia katika chumba kidogo cha kuwekea chakula, nyumbani kwa Nestle, Manhattan. Vitu vikazidi kuongezeka, mpaka nyumba nzima ikajaa. Kisha wakachangisha pesa, wakanunua nyumba huko Brooklyn, ikafunguliwa mwaka wa 1993.

Mle kuna nini? Vitabu, barua, picha, kaseti za sauti, hata fulana za maandamano. Na si lazima uwe mutu mkubwa. Mfano ni Mama Mabel Hampton, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka wa 1902. Alicheza dansi Harlem, kisha akafanya usafi katika nyumba za watu, kati yao familia ya Nestle. Tangu 1932 aliishi na mwenzake Lillian Foster, mpaka huyo alipofariki mwaka wa 1978. Barua zake zimo, na sauti yake pia. Yeye alifariki mwaka wa 1989.

Wanaofanya kazi mle wanajitolea, hawalipwi. Kanuni yao: vitu hivyo haviuzwe hata siku moja, tena msomaji asidaiwe diploma.

Lakini waanzilishi wamezeeka. Filamu inaonyesha namna wanavyotafuta vijana wa kuwaachia kazi, sababu kartoni bila mutu wa kuieleza ni makaratasi tu.

Hapa kwetu, familia iliyokimbia vita inajua uchungu huo: picha za wazazi zinabaki nyuma, na wajukuu wanakosa pa kuanzia. Wanawake wale hawakungoja serikali wala chuo kikuu. Walianza na vitu vilivyokuwa mikononi mwao.