Baiskeli na Nyika (4): Mtu Mmoja na Gurudumu la Inchi 50

Ijumaa ya pili ya mwezi huu wa Juni, kama ilivyo ada ya kila mwaka, waendesha baiskeli waliondoka Banff nchini Kanada wakaifuata safu ya Milima ya Rocky kuelekea Antelope Wells, mpakani mwa Meksiko, masafa yapatayo kilomita 4,400, kila mmoja kwa nafsi yake, bila ya gari la kumfuata wala sahibu wa kumchukulia maji. Nimeisoma habari hiyo kwa furaha, kwani huko Rawlins, katika jimbo la Wyoming, njia yao inakutana na njia aliyoipita Thomas Stevens mwaka 1884, na tangu ujanani mwangu hapana msafiri wa magurudumu mawili aliyenishughulisha moyo kama huyo.

Msomaji aliyefuatana nasi tangu mwanzo analikumbuka umbo la baiskeli za zama zile: gurudumu la mbele lafika kifuani mwa mtu, la nyuma ni dogo mfano wa sinia, na mpandaji amekaa juu kabisa, hata jiwe moja la njiani hutosha kumpindua kichwa chini. Gurudumu la Stevens lilikuwa la inchi 50, nalo lilivishwa mpira mgumu, kwa kuwa Dunlop hakuleta tairi lake la upepo ila mwaka 1888. Kwa chombo hicho aliondoka San Francisco tarehe 22 Aprili, na mzigo wake ulikuwa soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku ndilo lililokuwa hema lake.

Milima ya Sierra Nevada ilikuwa ingali na theluji, na barabara ya kupitika hapana; basi akaingia katika njia ya reli iliyoezekwa kwa mbao ili theluji isiizibe, akawa anaikokota baiskeli gizani na kujibana ukutani kila lilipopita gari la moshi. Akateremka katika majangwa ya Nevada, kisha akavuka lile bonde kuu la Wyoming ambalo maji yake hayaendi Atlantiki wala Pasifiki, bali hunywewa na mchanga na jua papo hapo. Alipowasili Boston tarehe 4 Agosti alikuwa amekata kiasi cha maili 3,700, na takriban theluthi yake aliitembea kwa miguu. Hapo ndipo ninapomtukuza: hakuona haya kushuka pale ardhi ilipomtaka ashuke.

Baada ya hapo alivuka Ulaya na Anatolia, ambako wanavijiji walimzunguka wakitaka awapandie chombo chake cha ajabu. Akakaa Tehran kipindi cha baridi akiwa mgeni wa Shah. Akapita Bara Hindi na Uchina, hata akakoma Yokohama tarehe 17 Desemba 1886. Nasi Waswahili tuna haki ya kumjua, maana mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma kwetu kumtafuta mvumbuzi Stanley, akashukia Unguja na kufika hata nchi ya Kilimanjaro.

Waama, mtu huyu husifiwa kwa upekee wake, ilhali aliishi kwa mkate wa watu asiowajua. Nyika humwondolea mtu kiburi cha kujitosheleza, na baiskeli, kwa mwendo wake wa taratibu, humfikisha mlangoni mwa watu akiwa mchovu na mwenye haja, jambo ambalo motokaa haiwezi.

Hawa wa Banff, ambao mwenzao Mike Hall aliimaliza njia mwaka 2016 kwa siku 13 na saa zipatazo 23, wana nguvu za kustaajabisha, na sheria yao ya kutopokea msaada ila ule ulio wazi kwa kila mpita njia ni ya haki. Lakini anayelala saa chache na kuipita Rawlins usiku wa manane, hataonja kile alichokionja Stevens. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa.

Nchini mwetu pia waendesha baiskeli hupita, mmoja mmoja, wakitoka Cairo kwenda Cape Town. Ukimkuta mmoja wao kati ya Iringa na Mbeya, jua limempiga na chupa yake imekauka, msimamishe, mpe maji, umwulize jina lake na atokako. Juma lijalo, Inshallah, tutaeleza jinsi Stevens alivyozuiwa Afghanistan na kurudishwa.