Kutafakari kwa Pamoja Hupunguza Uzito wa Maumivu Sugu

Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo kwa wagonjwa ambao dawa hazikuwatosheleza. Kila wiki kikundi huketi kimya, kila mmoja akifuatilia pumzi yake. Kisha anayependa husimulia alichohisi, wenzake wakimsikiliza bila kumhukumu. Huenda maumivu yasiishe, lakini mgonjwa hujifunza kuyatenganisha na hofu inayoyazidisha, na hutambua kuwa hayuko peke yake. Mbinu hii huandamana na dawa, haichukui nafasi yake. Hata hivyo, ukimya waweza kumtonesha aliyepatwa na kiwewe kikali. Mwongozaji amruhusu kufumbua macho au kutoka, na amwelekeze kwa mtaalamu wa afya ya akili.