Asidi ndiyo mwamuzi: Kemikali moja, matokeo matatu

MWANAFUNZI wa kidato cha nne mjini Isiolo anapoingia katika maabara kufanya mtihani wa vitendo wa Kemia wa KCSE, huenda akakuta mbele yake maji ya zambarau ya potasiamu pamanganeti. Iwapo asidi inayotakikana haitatiwa, hesabu zake zote zitapotoka, hata kama amepima kwa uangalifu mkubwa.

Hii ni kwa sababu kemikali hiyo haina jibu moja. Kazi yake ni kupokonya kemikali nyingine elektroni, lakini idadi ya elektroni inazochukua hutegemea kiwango cha asidi.

Palipo na asidi ya kutosha, kila chembe ya pamanganeti huchukua elektroni tano, na rangi ya zambarau hutoweka. Katika maji yasiyo na asidi wala alkali, huchukua tatu pekee, na mashapo ya hudhurungi hutuama chini ya chupa. Nayo alkali ikiwa kali sana, pamanganeti huweza kuchukua elektroni moja tu, na maji yakageuka kijani.

Siri imo katika umbo lake. Chembe ya pamanganeti ni manganizi iliyozingirwa na oksijeni nne. Ili manganizi ipokee elektroni tano, oksijeni hizo zote hazina budi kuondoka. Asidi hutoa haidrojeni nane ambazo huungana na oksijeni nne kuwa maji. Asidi ikikosekana, oksijeni hubaki zimeng'ang'ania na kazi hukatikia njiani.

Hapo ndipo mtahiniwa hupotea. Katika kupima chuma kilichoyeyuka majini, kanuni ya mtihani ni pamanganeti moja kwa chuma tano. Bila asidi, huwa moja kwa tatu.

Aidha, si kila asidi inafaa. Walimu husisitiza asidi ya salfuriki. Asidi ya nitriki yenyewe hupokonya elektroni, hivyo huvuruga hesabu. Nayo ya haidrokloriki hupokonywa elektroni na pamanganeti na kutoa klorini, gesi yenye sumu iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Gesi hiyo haiko maabarani pekee. Dawa ya majimaji ya kung'arisha nguo nyeupe ina klorini iliyofungwa katika alkali, nayo hutengenezwa hivyo makusudi ili itulie. Mtu akiichanganya na asidi ya kusafishia choo, mizani hugeuka papo hapo, na badala ya kusafisha, mchanganyiko huo hufukuza gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Katika choo kidogo kisicho na dirisha, hatari huwa kubwa zaidi.

Kwa hivyo mwanafunzi akumbuke kutia asidi ya salfuriki ya kutosha kabla ya kuanza kupima, na akiona rangi ya hudhurungi ajue kuwa asidi imepungua. Naye mwenye nyumba asichanganye kamwe dawa hizo mbili. Akishavuta harufu kali, atoke nje mara moja kwenye hewa safi, aache milango wazi, na atafute daktari iwapo kifua kitambana.