Mark X, IST na njia ya wapagazi

Mabasi yanayotoka Dar es Salaam kuja Tabora hayaleti abiria peke yao. Kwenye buti husafiri maboksi yaliyozungushiwa selotepu, yakiwa na jina la fundi na namba ya simu kwa wino mzito. Ndani mna shokapu, pampu ya maji, sensa, pengine gia boksi nzima iliyofungwa kwenye gunia. Mzigo umetoka Gerezani, Kariakoo, na umesafiri zaidi ya kilomita 800 kumfuata mgonjwa wake. Yapo magari ambayo spea zake hazihitaji safari hiyo, maana duka liko jirani na gereji. Na yapo ambayo mwenyewe hukaa siku tatu, wiki, hata mwezi, gari limewekwa juu ya mawe bila magurudumu. Kwa mnunuzi wa Tabora, thamani ya gari inaanzia hapo, kabla ya rangi, kabla ya rimu, kabla ya mngurumo wa injini.

Chukua magari mawili ya kampuni moja. Toyota IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, ikiwa na injini ya lita 1.3 au 1.5, ile ndogo haifikishi nguvu za farasi 90. Toyota Mark X ilikuja mwaka 2004 kurithi nafasi ya Mark II, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 2019. Hiyo ina injini ya V6, lita 2.5 kwa ile ya kawaida, zaidi ya nguvu za farasi 200, na nguvu zote zinakwenda magurudumu ya nyuma. IST ni fupi, imenyanyua mabega, haina la kujionyesha. Mark X imelala, pua ndefu, taa zimekazwa kama macho ya mtu anayelenga shabaha.

Isemwe wazi kwamba Mark X ni gari zuri. Kijana anayeisafisha Jumamosi chini ya mwembe, akaifuta mpaka matawi yaonekane kwenye boneti, hajapotoka. Watu wa nchi hii wamesoma hadhi kwenye gari tangu zamani. Baada ya uhuru wakubwa waliopanda Mercedes-Benz waliitwa Wabenzi, na mashangingi ya Land Cruiser yakaja baadaye kushika kiti hicho. Mvuto wa gari una bei yake sokoni, na bei hiyo ni halali. Swali ni kama barabara inayotoka Tabora kwenda Sikonge, Urambo au Nzega inaweza kumrudishia mnunuzi alicholipia. Kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani ana tochi yake ya kupimia mwendo. Farasi 200 wanatembea pale kwa mwendo uleule wa farasi 90, ila wanakunywa zaidi.

Njia ya kutoka pwani hadi Tabora imepima vyombo vya usafiri kwa muda mrefu. Kabla ya injini, chombo kilikuwa bega la mtu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kutoka bara hadi Bagamoyo na kurudi, na sifa yake ilienea pwani yote kwa sababu moja: alifika, na mzigo ulifika. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Henry Stanley, mwaka 1871, alitumia takriban miezi mitatu. Livingstone, aliyekaa kwenye tembe la Kwihara, jirani na Tabora, mwaka 1872, alikuwa akingoja kitu ambacho kila mwenye gari korofi wa Tabora anakijua: msafara wenye mahitaji yake, uliokuwa bado njiani kutoka pwani.

Gari lilipokuja lilikuta sheria hiyohiyo ya kungoja. Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 akiwa na gari lililoundwa maalumu na kiwanda cha Gaggenau, limenyanyuliwa sana kutoka ardhini, akakata bara hadi kusini mwa Ziwa Tanganyika na kuendelea mpaka Swakopmund, pwani ya Atlantiki, alikofika tarehe 1 Mei 1909. Siku 630. Sehemu kubwa ya siku hizo gari halikuwa likitembea; lilikuwa limesimama likingoja vipuri na mafuta. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu mwenye haraka alipanda treni.

Kisha ikaja Urambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Mitambo ilikuwa na nguvu za kutisha: matrekta yaliyobaki kwenye vita vya dunia, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Hakuna aliyeweza kulalamika kwamba injini zile ni dhaifu. Zilichokosa ni karakana ya kutosha, vipuri vinavyolingana, na mafundi waliozizoea. Sehemu kubwa ya matrekta ya mwanzo ilikufa ndani ya miezi michache kwenye ardhi ngumu na vumbi. Mradi uliachwa mwaka 1951, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Ardhi ya Urambo iligeukia tumbaku, na hadi leo anayeibeba tumbaku hiyo ni Fuso la kawaida, ambalo fundi wa kando ya barabara analijua kwa kusikiliza tu.

Lakini kwa anayetaka kulinganisha magari ya mbio na magari ya watu, Afrika Mashariki ilifanya jaribio lake yenyewe, hadharani, mwaka baada ya mwaka. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na hadi miaka ya 1970 njia zake zilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha Tanzania. Hayakuwa mashindano ya mwendo peke yake. Yalikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, makorongo na tope la mvua za Pasaka. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari saba tu yalimaliza.

Tazama walioshinda. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404, gari la familia, ilishinda mwaka 1963, ikashinda 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, halafu tena 1968. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na nduguye Jaswant walichukua Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia, gari la mtumba kwa lugha yetu, wakawaacha wote.

Na Porsche? Gari lile la kifalme la Stuttgart lilishika nafasi ya pili mwaka 1972, likashika ya pili mwaka 1974, likashika ya pili mwaka 1978. Halikushinda hata mara moja. Lancia Stratos, iliyoumbwa kwa ajili ya mashindano ya namna hiyo na ambayo macho hayachoki kuitazama, nayo haikushinda Safari. Kati ya mwaka 1983 na 1986, wakati Audi Quattro, Lancia 037 na Peugeot 205 Turbo 16 zikiwika Ulaya, Safari ilichukuliwa na Opel Ascona mara moja na Toyota Celica mara tatu.

Haki itendeke hapa, maana mashabiki wa magari ya kasi wana hoja. Datsun 240Z ni gari la michezo kweli, milango miwili na boneti ndefu, na ilishinda mwaka 1971 ikiwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 ikiwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo kwa Datsun, 1979 hadi 1982. Kwa hiyo kasi na uimara si maadui. Tofauti ni kwamba 240Z ilikuwa na injini nyepesi kuelewa, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, na kampuni iliyokuja Afrika Mashariki mwaka baada ya mwaka kujifunza kinachovunjika. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025. Gari lenyewe ni Yaris, jina ambalo Japani waliipa Vitz mwaka 2020. La mashindano limejengwa upya toka chini hadi juu, hilo halina ubishi, lakini ukoo ni ule wa Vitz inayopeleka watoto shule pale Cheyo, Tabora.

Tukirudi Tabora ya leo, mtihani haudai ushindi. Unadai kufika kila siku. Njia kuu zimepata lami, jambo lililobadilisha maisha ya mkoa huu. Ila ukiacha lami kuelekea vijijini unakutana na mchanga wa miombo, na kuanzia Novemba hadi Aprili udongo mweusi wa mbuga unanata kama ulimbo. Gari lililolala linapiga chini. Sampo ikipasuka na dereva asione taa ya oili, injini inanoki kabla ya kufika kijiji kinachofuata. Subaru zenye turbo, kama Impreza WRX STI na baadhi ya Forester, zinashika barabara kwa magurudumu yote manne, sifa ambayo Mark X nyingi hazina. Lakini injini yao ya silinda zinazotazamana inataka oili safi bila kuchelewa, mkanda wa taimingi ubadilishwe kwa wakati, na ile ya STI iliandikiwa Japani petroli ya oktani ya juu. Ikichemsha mara moja, gasketi za hedi ziko mbili, kila upande yake, na plagi zimejificha ubavuni. Fundi asiyeizoea anaifungua leo, anaifunga Jumatano, inarudi Ijumaa. IST inatumia cheni ya taimingi, injini imekaa wazi, na kila gereji imeshaifungua mara nyingi kiasi kwamba mwanafunzi wa ufundi anaanzia kwake.

Hapo ndipo neno «uimara» linapotakiwa kutumiwa kwa uangalifu. STI si gari bovu. Imetengenezwa kwa mwenye ratiba ya matengenezo, mashine ya kupimia na fundi aliyefundishwa injini hiyo. Mwenye vyote vitatu ataifurahia miaka mingi. Anayeinunua kwa akiba ya mwisho, akitegemea kujifunza mbele ya safari, ananunua deni.

Kodi nayo ina neno. Kwa viwango ambavyo Mamlaka ya Mapato imevitumia kwa miaka mingi, gari la mtumba linalipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kulingana na injini: sifuri kwa injini isiyozidi sisi 1,000, asilimia 5 hadi sisi 2,000, asilimia 10 zaidi ya hapo, kisha VAT ya asilimia 18. Gari lililozidi miaka kumi linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Kenya imechagua njia nyingine, imezuia kabisa gari lenye zaidi ya miaka minane. Kwetu gari la zamani linaingia, mradi mwenyewe alipe, na ndiyo maana IST ya mwaka 2003 bado inaendelea kuzaa matunda Tabora. Siku mwenye IST akipata dharura, gari linauzika ndani ya wiki, kwa sababu mnunuzi anajua atakachokutana nacho. Mark X inamngoja mpenzi wake, na mpenzi akitokea anakuja na swali la kwanza: «Spea zake unatoa wapi?»

Juu ya zote hizo kuna Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile watu waliyoibatiza mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa. Ilizaliwa mwaka 1984, na injini yake ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita bila turbo, ilikuja mwaka 1990. Haina haraka. Viti vyake vinachosha, na bei yake inamzidi mwalimu na mkulima wa tumbaku. Hata hivyo hospitali, polisi na wahifadhi wa misitu wanaing'ang'ania, wakati magari ya kifahari yanayokalia mifuko ya hewa badala ya springi yanaishia kulala chini kama tembo aliyechoka pindi mfuko mmoja unapopasuka. Kwa taasisi inayopeleka chanjo ng'ambo ya mto Ugalla, mkonga ni gari la bei nafuu kuliko yote, kwa sababu linarudi.

Anayejiandaa kutuma fedha Japani wiki ijayo, afanye jambo moja kabla ya kwenda benki. Apite gereji tatu za Tabora, ataje gari analolitaka na mwaka wake, kisha aulize bei ya shokapu ya mbele, pampu ya maji na sensa ya injini, na vinapatikana siku ngapi. Jibu likiwa «leo», na anunue. Jibu likiwa «tuagize», ahesabu nauli ya basi, siku za kutembea kwa miguu na pesa za kumlipa fundi mara mbili, aviongeze kwenye bei ya gari, ndipo aamue kama taa zile zilizokazwa bado zinamvutia.