Kapo wa Jamaika: mchungaji aliyetia imani ya watu wa chini katika mbao na rangi

Mwaka 1983, Jumba la Taifa la Sanaa la Jamaika lilifungua chumba maalum kwa ajili ya kazi za mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye benchi la shule ya sanaa. Jina lake la kuzaliwa ni Mallica Reynolds, lakini kisiwani wote wanamfahamu kwa jina la Kapo. Alikuwa mchoraji na mchongaji wa sanamu, na kabla ya hayo yote alikuwa mchungaji wa kanisa ambalo wakubwa wa inchi walilidharau kwa miaka mingi.

Kapo alizaliwa tarehe 10 Februari 1911 katika kijiji cha Byndloss, wilaya ya Saint Catherine. Akiwa bado kijana alipata maono, akaanza kuhubiri vijijini. Baadaye alihamia mji mkuu Kingston, akakaa Trench Town, mtaa wa maskini ambao dunia iliujua kupitia Bob Marley. Huko akaongoza kanisa la Revival, maana yake uamsho.

Revival ilizaliwa Jamaika kati ya mwaka 1860 na 1861, pale ambapo Ukristo wa wamisionari ulipokutana na desturi ambazo Waafrika walivuka nazo bahari. Waumini hujifunga vilemba, hupiga ngoma, huandaa meza ya matunda, mishumaa na maji, na huzunguka kwa duara wakicheza hadi roho iwashukie. Kwa wakaaji wa mitaa kama Trench Town, hapo ndipo mgonjwa anapoombewa na aliyefiwa anapofarijiwa.

Kwa utawala wa Waingereza, hayo yote yalikuwa makelele na uchawi. Sheria ya mwaka 1898 iliadhibu kile walichokiita obeah, yaani uganga na uchawi. Nyingine ya mwaka 1911, mwaka uleule aliozaliwa Kapo, ilikataza makelele ya usiku. Sheria hizo zilitumiwa pia kuwasumbua watu wa Revival. Mhubiri wao maarufu, Alexander Bedward, alikamatwa mwaka 1921 akafungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko akafa mwaka 1930. Mkongo atakumbuka mara moja kwamba mwaka huohuo wa 1921 Wabelgiji walimkamata Simon Kimbangu, aliyekufa gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951.

Undugu huo hauishii kwenye tarehe. Baada ya utumwa kukomeshwa kabisa Jamaika mwaka 1838, wenye mashamba ya miwa walikosa wafanyakazi. Waingereza wakaleta Waafrika waliookolewa kutoka meli za watumwa, na wengi wao walikuwa wametoka pande za Kongo. Katika wilaya ya Saint Thomas wazao wao walilinda Kumina, ibada ya ngoma na mababu, pamoja na maneno ya Kikongo, likiwemo jina la Mungu, Nzambi. Kumina na Revival si kitu kimoja, lakini zote mbili zimeonja dharau ileile.

Ndani ya dharau hiyo Kapo alianza kuchora, katika miaka ya 1940. Moja ya picha zake za mwanzo ilimuonyesha Yesu akiwa mtu mweusi. Kisha alijitia zaidi katika uchongaji, na katika miaka ya 1960 akarudi tena kwenye rangi. Sanamu zake za mbao ni nzito na laini kwa pamoja. Miili inatoka mmoja ndani ya mwingine, na nyuso zinabebana juu ya gogo moja. Sanamu yake ya mwaka 1965 inayoitwa "All Women Are Five Women" ni mfano unaojulikana sana. Katika michoro yake kuna vilima vya mviringo, miti iliyojaa matunda, na waumini wenye vilemba wakiwa katika ibada. Alichora watu aliowaongoza katika sala, katika mavazi na mikao waliyokuwa nayo mbele ya Mungu wao.

Mwanzoni wajuzi wa sanaa waliwaita watu kama yeye "wachoraji wa kizamani", kana kwamba wanachora hivyo kwa kukosa akili ya kufanya vingine. Mwaka 1979, David Boxer wa Jumba la Taifa aliandaa maonyesho ya "The Intuitive Eye" na kuwapa jina lingine: wasanii wanaoongozwa na maono yao ya ndani. Kapo alikuwa mstari wa mbele kati yao. Alikuwa pia amepata mtetezi katika siasa, Edward Seaga, ambaye alikuwa amefanya utafiti juu ya Revival kabla ya kuwa waziri mkuu mwaka 1980. Kazi nyingi zilizoingia katika chumba cha mwaka 1983 zilitoka katika mkusanyiko wa Larry Wirth, mpenzi mkubwa wa sanaa ya Kapo.

Serikali ilimpa nishani, na wageni walinunua michoro yake. Hata hivyo, Kapo hakuacha madhabahu ili awe msanii tu. Alibaki mchungaji, na ibada iliendelea kuwa chemchemi ya kazi yake mpaka alipofariki tarehe 24 Februari 1989, akiwa na umri wa miaka 78.

Leo Jamaika inaonyesha sanamu zake kama hazina ya taifa. Lakini sheria ya obeah ya mwaka 1898 imeishi kumpita mchongaji huyo. Mwaka 2013 bunge liliondoa adhabu ya viboko iliyokuwa ndani yake, na sheria yenyewe ikaachwa mahali pake. Mbao za Kapo ziliingia katika jumba la taifa mapema zaidi kuliko desturi zilizozizaa kupata heshima kamili mbele ya sheria.